Wateja wa Mzee wa Taa

Miguu ya Bibi Bei haikuwa na adabu ya kutulia. Hata mezani, chai ikiwa mbele yake, goti lilipiga chini kwa chini mpaka vikombe vikalia, na mumewe alizoea kusema kwamba yeye hakuoa mke, alioa cherehani.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo, au pengine ndiyo iliyompata wa kuifaa. Alikuwa mkusanya bei wa ofisi ya takwimu. Kila mwezi alizunguka mtaa baada ya mtaa, kishikwambi cha serikali mkononi, akiuliza bei ya unga, sabuni, misumari, nauli, dawa ya meno, kusuka nywele, na kila kitu ambacho familia ya kawaida hununua. Orodha hiyo ofisini waliiita kikapu, ingawa hakuna aliyewahi kukibeba begani. Bei zake zilichanganywa na za wenzake wa nchi nzima, kisha mkubwa mmoja akasimama kwenye televisheni na kutangaza kama maisha yamepanda au yameshuka. Wenye maduka hawakujisumbua na jina lake. Akichomoza tu kwenye kona, mmoja alimwambia jirani, "Bibi Bei huyo, ficha mizani," nao wakacheka, naye akacheka, kazi ikaendelea.

Sasa sikiliza jambo. Serikali ilipoamua, baada ya kelele nyingi bungeni, kwamba nchi itaachana na mafuta ya kununuliwa ng'ambo na kuendesha mambo yake kwa jua na upepo, watu walicheka mpaka basi. Eti jua! Bibi Bei naye alicheka, asijifanye leo. Lakini yeye ndiye aliyeanza kuona, tena kabla ya wakubwa, kwa sababu bei hazijui siasa. Mwenye kinu aliyekuwa akilia na dizeli kila wiki alifunga umeme wa paneli, na unga ukashuka, ukakaa hukohuko chini. Akaongeza zamu, akaajiri. Kiwanda cha nyaya kilichokuwa kimeota majani kikafunguliwa. Vijana waliokuwa wakishinda vibarazani wakipiga soga sasa walikuwa juu ya mapaa, mikanda ya zana viunoni, na jioni walishuka na pesa. Pesa iliyokuwa ikipanda meli kwenda kununua mafuta ilibaki mtaani, ikatoka kwa fundi paa kwenda kwa msusi, kwa msusi kwenda kwa muuza viatu, na Bibi Bei aliiona ikipita kila dukani alikoingia.

Kitu kimoja tu katika kikapu chake kilikuwa kinapanda. Mafuta ya taa. Nayo yaliuzwa na baba yake.

Mzee wa Taa, ndivyo mtaa ulivyomwita, tangu enzi ambazo umeme ulikatika kila uchao na watu wakapanga foleni mbele ya duka lake na chupa mikononi. Alipima kwa kopo lake bila kumwaga hata tone. Alisomesha watoto watatu kwa mafuta ya taa, na hakuwaacha wakasahau. Kisha wauzaji wengine wakafunga, mmoja baada ya mwingine, mpaka katika eneo lote la Bibi Bei likabaki duka la mzee peke yake. Sheria ya ofisi ilikuwa nyepesi: bidhaa isiponunuliwa ziara tatu mfululizo, inatolewa kikapuni.

Mzee aliijua sheria hiyo na kuifurahia mno. Siku ya bei alivaa shati safi. Binti yake akitokea hakumwita mwanangu, alimwita afisa. "Karibu, afisa," alisema, akasimama wima nyuma ya kaunta, akajibu kila swali kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza nyama ng'ambo ya barabara, ili ulimwengu ujue serikali imemfuata yeye mlangoni kumuuliza. Pembeni yake friji la soda lilinguruma kwa umeme wa paneli iliyokuwa juu ya paa lake mwenyewe, na soda ndizo zilizomlisha. Lakini ukizitaja alikunja uso. Kwake soda haikuwa biashara, ilikuwa mazoea tu.

Basi mwezi mmoja akamwambia afisa kwamba ziara ya pili inapita na hajaja hata mtu mmoja. Alisema hivyo huku akifuta kopo lililokuwa kavu tayari. Roho ilimuuma Bibi Bei, ikamuuma kwelikweli. Alitoka, akatembea mpaka kwa fundi viatu wa pale kona, akampa pesa na dumu, akamwambia akanunue mafuta na asithubutu kusema nani kamtuma. Mkusanya bei haruhusiwi kununua anachokipima, hilo alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini alijiambia ni mara moja tu, na mwezi uliofuata alimtuma tena.

Tatizo la mtu aliyetumwa ni kwamba habishani bei, maana pesa si yake. Na mzee alikuwa na kanuni yake ya biashara, aliyoishika maisha yote, kwamba mteja akilipa bila kubisha ujue umemwuzia rahisi. Akapandisha. Wakalipa. Akapandisha tena. Wakalipa tena, na safari hii wakaja wengi zaidi, jambo lililomshangaza hata Bibi Bei mwenyewe, ingawa hakutaka kuliwaza sana.

Likajileta lenyewe siku mkuu wa kitengo alipomwita. Alikuwa mtu mpole wa miwani minene, asiyepaza sauti hata akikanyagwa. Akamweleza kwamba taarifa kubwa inatoka, ya kuonyesha nchi imepata nini kwa kuachana na mafuta: gharama za maisha, ajira, fedha za kigeni zilizookolewa. Waandishi wa habari watachungulia kila kitu kilichopanda. Mafuta ya taa yanapotea kila kona ya nchi, alisema, isipokuwa mtaani kwake Bibi Bei, ambako yamepanda mara tatu na wateja wanaongezeka.

"Nani anayanunua?" aliuliza.

"Watu," alisema Bibi Bei.

"Watu gani?"

Goti lilianza kupiga chini ya meza. Akasema atakwenda kuuliza, akatoka haraka kama anayekimbilia choo, na hakukumbuka hata kufunga mlango. Nje alitembea tu. Alipita kituo cha basi mara mbili bila kukiona. Alikuwa anaogopa kazi yake, ndiyo, lakini zaidi alikuwa anajiuliza fundi viatu mmoja na dumu moja wanawezaje kuwa wateja wanaoongezeka.

Akaenda kwa kaka yake mkubwa, mwashi, mtu ambaye tangu utotoni alikuwa na majibu. Hakumkuta, alimkuta wifi yake anaanika nguo, akaambiwa asubiri. Kusubiri hajui. Akazunguka nyuma ya nyumba, akapita kwenye mifuko ya saruji, na pua yake ikasimama kabla ya miguu. Chini ya turubai palikuwa na madumu, yamejaa, yamepangwa vizuri kabisa kama ya duka.

Kaka alipofika alisema ni ya kuoshea brashi za rangi. Bibi Bei akamkumbusha kwamba yeye ni mwashi, rangi kaanza lini? Kaka akatazama chini. Kisha akasema polepole kwamba siku moja alipita dukani kwa mzee, akamwona ameinamia kopo tupu, na tangu siku ile huwa anamtuma kibarua wake, na tafadhali asimwambie mtu.

Wakaenda wote wawili kwa mdogo wao, kitinda mimba, mwenye saluni. Hawakuhitaji kuuliza. Chini ya sinki, nyuma ya mataulo, palikuwa na dumu, na wateja waliolalamikia harufu walikuwa wameambiwa ni dawa mpya ya kukuza nywele. Mmoja alikuwa ameshaomba apakwe. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: watoto watatu wa tumbo moja, kila mmoja na siri yake, na siri yenyewe ni hiyohiyo moja! Walicheka mpaka mdogo akakaa sakafuni kwenye nywele zilizokatwa.

Kaka ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akauliza kama wamesikia habari ya watu wa betri.

Hawakuwa wamesikia. Ilikuwa hivi. Ushirika wa umeme ulikuwa unatafuta baraza la kuweka kabati la kubadilishia betri za pikipiki, maana pikipiki zote sasa zilikuwa za umeme na madereva walihitaji mahali pa kuacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Mtaa mmoja, kabati moja. Waliona baraza la mzee linafaa kuliko yote. Wangemlipa kodi ya kila mwezi, wangemwezekea upya lile paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda chake, na kila dereva aliyesimama angenunua soda. Mzee ambaye alikuwa ameapa hatakwenda kuishi kwa mtoto hata mmoja angezeeka kwake, kwa jasho lake. Na mzee amewakatalia. Amewaambia biashara ya mafuta ya taa imerudi, hana nafasi. Tena akiba yake yote anataka kununulia mapipa mawili. Ushirika umesema utarudi kesho kwa mara ya mwisho, na asipokubali kabati litakwenda kwa muuza nyama.

Mdogo akainuka sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako: waliokuwa wanamfilisi mzee walikuwa wao, kwa huruma yao wenyewe. Hapo kila mmoja akaanza kumsukumia mwenzake. Kaka alisema yeye na mzee hawawezi kuongea bila kugombana. Mdogo akasema yeye atalia, na akilia mzee atadhani amefiwa. Kisha wote wawili wakamgeukia Bibi Bei, kwa kuwa yeye ndiye wa bei. Alitaka kuwatukana. Lakini aliyeanza kuandika uongo wa mafuta yale kwenye kitabu cha nchi alikuwa yeye, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Asubuhi alifika dukani kabla ya ushirika. Mzee alikuwa amevaa shati safi, ingawa haikuwa siku ya bei. Alikuwa anapima ukuta kwa fito, akitafuta mapipa yatakaa wapi.

"Karibu, afisa," alisema. "Umewahi. Andika bei mpya kabisa."

Akaanza kuitaja, na ilikuwa imepanda tena. Akaongeza kwamba akaieleze hiyo serikali yake kwamba watu hawalishwi na jua, wameshaanza kurudi wenyewe, tena wanalipa bila neno. Friji likanguruma nyuma yake. Dereva wa pikipiki akaingia, akachukua soda, akaacha sarafu kaunta, akatoka, na mzee hakumtazama.

Bibi Bei alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri kabisa, yenye kuanzia mbali. Yote yalimtoka. Alisimama mguu huu, akasimama mguu ule, akashika kaunta.

"Baba, wateja ni sisi."

Mzee hakuelewa. Akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, fundi viatu, kibarua wa kaka, msichana wa kufagia saluni, madumu chini ya turubai, dawa ya kukuza nywele. Alidhani hapo kwenye nywele atacheka. Hakucheka.

"Kaka yako naye?"

"Naye."

"Na yule mdogo?"

"Naye, baba."

"Mwingine?"

Bibi Bei alitamani sana kumpa mmoja. Hata mmoja tu, ajuza fulani wa mbali asiyependa umeme. "Hakuna mwingine," alisema.

Mzee aliweka fito chini. Akachukua kopo, akalitazama ndani. Alisema kwamba alipopandisha bei mara ya kwanza na watu wakalipa, usiku ule alilala vizuri ambavyo hakuwa amelala tangu mama yao afariki. Alijiambia kumbe bado ana akili ya biashara. Alijiona mtu. Alisema hayo yote kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei.

"Kumbe mlikuwa mnanichangia," alisema. "Kama mgonjwa."

Hakuna kilichomchoma Bibi Bei maishani kama neno lile. Alijaribu kusema si hivyo, na kwa kuwa ilikuwa ni hivyo hasa, hakufika mbali. Akabaki anamwambia mambo ya kazini, maana ndiyo aliyoyajua: kwamba hakuna aliyemshinda, si ubaya wa mafuta yake wala wa kipimo chake, ni kwamba kinu cha pale kona kimeajiri watu, na yule fundi paa aliyekuwa anakopa chumvi hapa anajenga, na pesa inayowafanya madereva wasimame kununua soda ni ileile iliyokuwa ikiondoka na mafuta. Iko mtaani, baba. Iko mlangoni kwako, inaacha sarafu kaunta, wewe unatazama kopo. Alisema kwa hasira, na hasira hiyo ilimshangaza yeye mwenyewe.

Mzee aligeuka kutazama barabarani. Nje gari dogo la ushirika lilisimama upande wa pili, mbele ya muuza nyama, na vijana wawili wakashuka. Wakatazama baraza la bucha. Mmoja akatoa futi.

"Sheria yako inasemaje," mzee aliuliza, "mafuta yakiwapo lakini mwenyewe hataki kuyauza?"

"Inahesabika hayapatikani."

"Basi andika hayapatikani. Lakini uandike kwamba mimi ndiye niliyeacha. Siyo wao walioniacha."

"Hakuna pa kuandika hivyo, baba."

"Serikali gani hiyo," alisema mzee. Akachukua kopo na faneli na dumu la mwisho, akavipeleka chumba cha nyuma, na alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka vitu vitatu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na shati amelichomekea upya. Akamwambia awaite wale vijana upesi, kabla yule mchinjaji hajawapa chai, na wajue kabisa kwamba kodi imepanda.

Bibi Bei alivuka barabara mbio. Vijana walibisha kidogo kuhusu kodi, na mzee akafurahi sana walipobisha. Walipima baraza, wakapima paa, wakaahidi mabati mapya, wakapeana mikono. Muuza nyama alitazama mambo yote hayo huku akinoa kisu, akapiga kelele kwamba Mzee wa Taa kageuka Mzee wa Betri, na mzee akamjibu kwamba afadhali betri kuliko mifupa. Gari likaondoka.

Wakabaki wawili. Bibi Bei aliweka kishikwambi kaunta, akatafuta mstari wa mafuta ya taa, akaandika hayapatikani. Alieleza kwamba atamweleza mkuu wake ukweli wote na yatakayompata yampate. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatazama kile kioo kidogo kwa namna ambayo binti yake hakuizoea, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Mwezi ujao watakutuma hapa kuuliza nini?"

Bibi Bei alipitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini. Soda ilipimwa duka la kule sokoni. Kubadilisha betri hakukuwamo kabisa, na kitu kipya kuingia kikapuni huamuliwa na kamati huko juu, hata mwaka ukapita. Alitafuta tena, kwa kuwa hakutaka kusema.

"Sijui, baba. Huenda wasinitume."

Hapo tu ndipo alipojiona. Miaka yote alikuwa akijihesabia kuwa mtoto mwema, anayefika kwa baba yake kila mwezi bila kukosa, na kila mara ilikuwa siku ya kazi, kwa nauli ya ofisi, wamesimama, kaunta katikati yao. Na roho ilipomuuma alimtuma fundi viatu.

"Wewe ulituma mtu," mzee alisema. Hakuwa amekasirika tena, na ingekuwa heri angekuwa amekasirika. "Kaka yako akatuma mtu. Mdogo wenu akatuma mtu. Saluni yake haifiki hata mtaa wa pili. Sasa mafuta siuzi. Mtamtuma nani, na aje kununua nini?" Akavuta kigoda kutoka chini ya kaunta, akakisukuma upande wake. "Njooni wenyewe."

Bibi Bei alikaa, akalia palepale mbele ya friji la soda, na kishikwambi cha serikali kikaendelea kumuuliza kama anataka kwenda bidhaa inayofuata.